Kulala hemani msimu wa mvua bila kulowa: mwongozo kamili kwa wanaopiga kambi Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Swali huja lile lile kila mvua zinapoanza: "Hema langu ni jipya, mbona niliamka ndani ya dimbwi?" Wanaouliza wametoka Mlima Elgon, Msitu wa Kakamega au ukingo wa Menengai, lile shimo kubwa la volkano karibu na Nakuru. Wengine wameapa kwamba hawatarudi tena.

Nikiuliza maswali mawili matatu, mara nyingi hema huonekana halina hatia. Maji yalipita chini ya sakafu, au yalitokana na pumzi za waliolala. Na ile baridi iliyowakesha ilipanda kutoka ardhini, wakati wao walikuwa wakijirundikia mablanketi juu.

Mwongozo huu ni wa usiku mmoja tu: kufika, kusimamisha hema, kulala ukiwa mkavu na mwenye joto, kuamka salama. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kosa la mchana huanza kuuma saa nane usiku, wakati huwezi tena kulirekebisha.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Hema lenye tabaka mbili. La ndani lina wavu, la nje ni kifuniko cha mvua kinachoteremka hadi karibu na ardhi. Mahema mengi ya bei ya chini yana kifuniko kifupi kinachofunika kilele pekee. Hayo ni ya kiangazi. Soma lebo utafute kipimo cha kuzuia maji: angalau milimita 1,500 kwa kifuniko na 3,000 kwa sakafu.

Vigingi vya ziada vinne na kamba mita 10. Vile vyembamba vinavyokuja na hema hupinda kwenye jiwe la kwanza.

Nailoni nzito ya kutandika chini ya hema. Ile nyeusi ya kujengea inayouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi inatosha kabisa. Beba pia kisu au makasi ya kuikatia.

Mkeka wa sponji isiyonyonya maji. Nitaurudia hapo chini, kwa sababu ndio unaopuuzwa kuliko kitu kingine chochote.

Mfuko wa kulalia. Lebo yake huwa na nambari kadhaa za joto. Nunua kwa kufuata nambari ya starehe. Ile ya chini kabisa inaonyesha baridi ambayo mtu anaweza kunusurika tu, tena bila kupata usingizi.

Nguo seti mbili. Moja ya kutembelea, moja ya kulalia isiyoguswa mchana. Acha suruali ya jinzi nyumbani: pamba ikilowa haikauki mlimani, na hunyonya joto la mwili. Chukua polista, sufu au flisi. Soko la Kibuye pale Kisumu lina mitumba ya namna hii ukiwa na subira ya kupekua.

Koti la mvua, kofia ya sufu, soksi pea tatu, viatu vinavyoshika matope. Gambuti hufaa kambini, lakini kwa mwinuko mrefu huchubua visigino.

Tochi ya kichwani kwa kila mtu, na betri za akiba. Tochi ya simu si mbadala, kwa sababu unahitaji mikono miwili kukaza kamba na unahitaji chaji ya kupiga simu.

Maji kwenye chupa za kudumu au jerikeni ya lita tano. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu ya Kenya.

Jiko dogo la gesi, sufuria, viberiti ndani ya mkebe unaofungika vizuri.

Filimbi, pawabenki, ramani iliyopakuliwa kwenye simu, na mkoba wa huduma ya kwanza wenye bendeji ndefu, plasta, dawa ya maumivu, chumvi za kuongeza maji mwilini na dawa zako mwenyewe unazotumia kila siku.

Kama fedha hazitoshi, anza na mkeka na nguo kavu za kulalia. Hema unaweza kukodisha au kuazima, na mfuko wa kulalia unaweza kuusaidia kwa blanketi. Mkeka usipokuwepo, hakuna blanketi litakaloziba pengo lake.

## Hatua ya 1: Chagua mahali kulingana na mwezi

Magharibi haifuati kalenda ya Nairobi. Mvua ndefu zikianza Machi hazikomi Mei. Kakamega, Kitale na milima ya Nandi huendelea kunyeshewa hadi Agosti na Septemba. Kipindi kikavu zaidi ni Desemba hadi Februari.

Kisha piga hesabu ya baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Ikiwa usiku wa Kisumu ni nyuzi 18, kambi iliyo mita 3,500 kwenye Elgon itakuwa karibu nyuzi 4, na usiku usio na mawingu umande hugeuka barafu juu ya hema. Watu hutoka Kisumu na blanketi moja jembamba kwa sababu walijipimia kwa usiku wa kwao.

Kwa anayeanza, ningependekeza Msitu wa Kakamega. Mwinuko wake ni wa wastani, kati ya mita 1,500 na 1,700, kwa hiyo baridi ni nyepesi na utapambana na mvua pekee. Upande wa kaskazini, Buyangu, unasimamiwa na Huduma ya Wanyamapori, KWS. Upande wa Isecheno ni wa Huduma ya Misitu, KFS. Uliza ruhusa kwa wanaohusika na upande unaokwenda.

Menengai, ambayo ukingo wake hufika mita 2,278, ina shida mbili: upepo usio na kizuizi na ukosefu wa maji. Usiende huko peke yako. Nenda kwa kundi, na mpate mwongoza njia wa hapo, kwa kuwa ndani ya shimo miamba ya lava inafanana kila upande na watu hupotea mchana kweupe.

Elgon uiweke ya tatu. Koitobos, kilele kinachopandwa sana upande wa Kenya, ni mita 4,222. Pia kuna tembo na nyati, kwa hiyo omba askari wa KWS akufuate.

Kabla ya kuondoka mjini fanya mambo mawili. Lipia hifadhi ya KWS kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukiwa bado na mtandao wa uhakika, kwani langoni huenda simu isishike. Halafu mwachie mtu mmoja nyumbani maandishi: mnaenda wapi, mko wangapi, mnapitia lango gani, na saa ya mwisho ya kumpigia. Saa hiyo ikipita bila habari, aanze na lango la hifadhi, kisha 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199.

Utajua uko tayari ukiweza kutaja joto la usiku unalotarajia na mahali maji ya kunywa yatakapotoka.

## Hatua ya 2: Lilowesheni hema nyumbani

Lisimamishe uani. Chukua mpira wa maji, au ndoo na kopo, ulinyeshee kwa robo saa huku mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Aangalie mishono, pembe za sakafu na zipu.

Ukikuta tone kwenye mshono, likaushe hema kabisa kisha upake gundi ya mishono ya mahema. Muulize muuzaji ile inayoshika kitambaa chenye utando wa poliyurethani, ambao ndio upo kwenye mahema mengi. Silikoni ya kubandikia vioo hubanduka.

Likunjeni, kisha mlisimamishe tena usiku mkitumia tochi pekee. Mazoezi haya yanaonekana ya kitoto mpaka siku mtakapofika Endebess, chini ya Mlima Elgon, mvua ikiwa imewatangulia.

Utajua umefaulu watu wawili wakilisimamisha kwa dakika kumi bila kubishana kuhusu ufito gani unaingia wapi.

## Hatua ya 3: Funga begi kuanzia ndani

Kile kifuniko cha mvua kinachovishwa begi hakitoshi. Maji hutiririka mgongoni mwako yakaingia kupitia mikanda, sehemu ambayo kifuniko hakifiki.

Mifuko ya plastiki ya dukani iliondolewa nchini Agosti 2017, na wengi hawakupata mbadala. Tumia mfuko mkubwa usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu na kufunga kwa kifungo. Ukiukosa, kata kipande kipana cha nailoni ya kujengea, kitandaze ndani ya begi hadi kitokeze juu, panga vitu, kisha uzungushe mdomo wake na kuufunga kwa kamba.

Ndani yake weka mfuko wa kulalia, nguo za usiku, soksi kavu na kofia. Hema likae nje ya nailoni hiyo, juu kabisa au pembeni, ili ulitoe bila kufungua vilivyo vikavu mvua ikinyesha.

Mtu mmoja asibebe vyote vya muhimu. Akichelewa njiani, kundi zima litalala bila chakula au bila vigingi.

## Hatua ya 4: Fikeni kabla mawingu hayajajengeka

Mchana, upepo wa Ziwa Victoria hupanda kuelekea nyanda za juu za Nandi, Kakamega na Kisii, ukainua hewa yenye joto na unyevu. Ndiyo maana asubuhi huwa nyeupe, na alasiri ngurumo huanza. Ukiondoka Kisumu saa nne asubuhi baada ya chai ya pili, unajipeleka mwenyewe kwenye mvua.

Panga kufika kambini kabla ya saa nane mchana. Jua huzama karibu saa moja kasorobo, na msituni giza hutangulia kwa zaidi ya nusu saa.

Kijijini, kabla ya kuingia msituni, simama umsalimie mzee wa kijiji au yeyote anayejua mto wa hapo. "Mzee, habari za leo? Mto umekuwaje wiki hii?" Swali hilo moja huleta habari ambazo ramani haina: daraja lililobebwa, tembo waliovuka jana, njia iliyofungwa. Wakikuambia usivuke, usivuke. Maji yaliyogeuka kahawia na kubeba vijiti yanaonyesha mvua inanyesha juu, hata kama hapo ulipo jua linawaka.

Makorongo ni hatari zaidi ya mito. Korongo la Hell's Gate, katika Kaunti ya Nakuru, limeua watu 7 Aprili 2012 na wengine 7 Septemba 2019, mara zote mbili kwa mafuriko ya ghafla. Ukiwa ndani ya korongo lolote na ukasikia ngurumo, hata ya mbali, toka juu mara moja.

## Hatua ya 5: Isome ardhi kabla ya kutoa hema begini

Hapa ndipo usiku unaamuliwa. Tumia dakika kumi na tano ukizunguka mikono mitupu.

Tazama chini kwanza. Mahali tambarare palipokanyagwa na wageni wengi hupendeza macho, lakini udongo wake umeshindiliwa na maji hayazami, yanatuama. Nyasi fupi zilizosimama kwenye mteremko mdogo sana ni bora. Ukiona majani makavu yamelala kuelekea upande mmoja, au mchanga umejipanga kwa mistari, maji yalipita hapo na yatapita tena.

Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo kuliko majirani zake, bila kukaa kileleni. Kileleni kuna upepo na radi. Bondeni kuna maji na hewa baridi, maana hewa baridi ni nzito na hushuka kukusanyika chini usiku.

Kisha tazama juu. Tawi kavu lililoning'inia ndilo tishio kubwa la msitu wa Kakamega wakati wa mvua, kwa sababu likinyonya maji huwa zito na kukatika bila upepo wowote. Usilale chini yake hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani.

Kagua njia za wanyama. Kinjia chembamba kilichokanyagwa sawasawa kuelekea maji ni cha nyati au tembo, na wao hawana sababu ya kulizunguka hema lako. Kaa mbali nacho, na angalau hatua mia kutoka mtoni.

Mwisho, siafu. Wakishapita ndani ya hema, hamtalala. Ukiona mstari wao popote karibu, ondoka kabisa mahali hapo. Wengi humwaga jivu kuzunguka kambi, na husaidia kiasi, lakini jivu lililonyeshewa halizuii kitu.

Utajua pamefaa ukilala chali juu ya ardhi tupu kwa dakika moja: mwili hauviringiki, mgongo hausikii jiwe, na kichwa kiko juu kidogo ya miguu.

## Hatua ya 6: Simamisha hema

Anza na nailoni ya chini. Hili ndilo kosa linalojaza madimbwi kuliko mengine yote: watu hutandika nailoni kubwa kuliko hema, wakidhani upana ni ulinzi. Mvua huteremka kwenye kifuniko, huangukia ile pembe iliyotokeza, kisha huteleza yote hadi chini ya sakafu. Hapo uzito wa waliolala huyasukuma maji yapenye kitambaa.

Nailoni lazima iwe ndogo kuliko sakafu, upana wa kiganja kila upande. Ikate. Kama hutaki kuikata, kunja kingo zake kwa ndani, zielekee chini. Ukishamaliza kusimamisha, zunguka hema lote. Hutakiwi kuona nailoni hata kidogo.

Elekeza mlango upande usio na upepo. Pigilia vigingi ukiviinamisha, kichwa kikitazama mbali na hema, ili kamba ikivuta isivichomoe. Kwenye udongo mweusi wa tambarare za Kano, au kwenye jivu la volkano la Menengai, kigingi hakishiki. Hapo zika nanga: funga kamba katikati ya kijiti kilichoanguka chenyewe, urefu wa mkono, kilaze kwenye kishimo kilichokingama na kamba, fukia, kandamiza kwa mguu. Kama ardhi ni mwamba, funga kamba kwenye jiwe dogo na ulikandamize kwa jiwe kubwa. Jiwe kubwa peke yake hukata kamba kwa kuisugua.

Vuta kifuniko mpaka kisiguse hema la ndani popote. Vinapogusana, maji hupita hapo hata kama hakuna tundu. Kitambaa kikilowa hulegea, kwa hiyo baada ya dakika ishirini za mvua toka ukaze kamba tena. Ni kazi ya dakika mbili inayookoa saa nane za usingizi.

Fungua matundu ya hewa. Najua inaonekana kinyume cha akili. Watu wawili wakilala hutoa maji mengi kwa pumzi, na ukiziba kila kitu mvuke huo hugeuka matone kwenye dari na kudondoka alfajiri. Wengi waliolalamikia hema kuvuja walinyeshewa na pumzi zao wenyewe.

Usichimbe mtaro kuzunguka hema. Mtaro huharibu ardhi ya hifadhi, hufungua njia ya mmomonyoko, na kama mahali umepachagua vizuri hauhitajiki.

Utajua umefaulu ukigonga kifuniko kwa kidole na kikalia, bila mikunjo, na ukipitisha mkono kati yake na hema la ndani bila kukwama.

## Hatua ya 7: Zuia baridi kutoka chini

Ukilala, uzito wako hubana pamba ya mfuko wa kulalia iliyo chini ya mgongo. Ikishabanwa haina hewa, na isiyo na hewa haitunzi joto. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Mkeka ndio unaokata njia hiyo.

Jaribu sponji kabla ya kununua: kata kipande kidogo, kizamishe majini, kikamue. Kikitoa maji, hakifai kambini isipokuwa ukivalishe nailoni. Mikeka ya watoto ya vipande vya kuunganisha, ile minene ya kuchezea sakafuni, hufaa sana na hupatikana madukani. Kwa Elgon tandika tabaka mbili.

Badilisha nguo zote mara hema linaposimama, hata kama unahisi zile za safari zimekauka mwilini. Jasho lililobaki hugeuka baridi jua likizama. Vaa kofia.

Kula chakula kizito chenye mafuta kabla ya kulala: ugali na mayai, chapati na maharagwe, au njugu karanga viganja viwili kama uchovu umekuzuia kupika. Mwili usio na mafuta ya kuchoma hautapasha moto mfuko wowote. Chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chuma iliyofungwa imara, ivishe soksi, iweke miguuni.

Onyo kubwa. Usiingize jiko la makaa hemani, hata lililofifia, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Huleta kizunguzungu na usingizi, kisha mtu haamki. Jiko la gesi nalo lipikie nje. Kama mwenzako anasisitiza, mkatalie, na jiko likae mbali na hema kabla hamjalala.

Mchunguze kila mmoja usiku. Mtu anayetetemeka bado ana nguvu. Akianza kunong'ona ovyo, kuangusha vitu, kujikwaa, na zaidi akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, yuko hatarini. Mvue vilivyolowa, mkaushe, mwingizeni mfukoni juu ya mikeka miwili na mwenzake pembeni, mpeni kinywaji chenye sukari kama anameza vizuri. Pombe hapana, kwa sababu hupoteza joto zaidi.

Kwenye Elgon kuna jambo la pili. Ukitoka Kisumu asubuhi kwa gari ukalala juu ya mita 3,000 siku iyo hiyo, mwili haujazoea. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande zaidi. Mtu akianza kuyumba au kuhema akiwa amepumzika, mteremsheni mara moja, usiku huo huo, mkiwa na askari.

## Hatua ya 8: Radi

Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo hatua hii haina mjadala.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo, kisha gawanya kwa tatu: hizo ni kilomita. Sekunde zikiwa 30 au chini, tafuta mahali pa kujikinga sasa. Gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni salama. Jengo kamili ni salama. Hema si salama, na banda la makuti la kupumzikia halina tofauti na hema.

Ukiwa mbali na vyote viwili, ondoka ukingoni, kileleni na uwanjani. Usisimame chini ya mti uliojitenga. Ingia kwenye vichaka au miti mifupi iliyo mingi ya kimo sawa, mtawanyike ili radi moja isiwapate nyote, chuchumaeni miguu ikiwa pamoja juu ya mkeka wa sponji. Kaeni hivyo mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Kuna wanaokimbilia mapangoni. Kwenye Elgon, usifanye hivyo, na usilale humo kwa sababu yoyote. Tembo huingia pango la Kitum na la Makingeny usiku kulamba chumvi. Na mwaka 1980 na 1987, watu wawili waliofariki kwa virusi vya Marburg walikuwa wametembelea Kitum, pango lenye popo wengi.

## Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Chakula kisilale hemani. Kama mna gari, kiwekeni humo. La sivyo, kitundikeni juu ya tawi mbali na mahema, kwa sababu nyani hawangoji mwaliko.

Viatu viingie ndani, midomo ikiwa chini, na vikung'utwe asubuhi. Nje usitembee bila tochi hata hatua tatu. Mtu akiumwa na nyoka: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na saa, tulizeni kiungo kwa bendeji na kijiti kisisogee, abebwe hadi hospitali. Kutembea husambaza sumu.

Maji ya mto yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemke dakika moja; juu ya mita 2,000, dakika tatu. Menengai na Longonot msitegemee mto, bebeni angalau lita tatu kwa mtu kwa siku.

Choo kiwe hatua mia kutoka kwenye maji na kambi, shimo la urefu wa kiganja, likafukiwa.

## Hatua ya 10: Asubuhi na baada ya kurudi

Pangeni vilivyo vikavu begini mkiwa bado ndani ya hema. Hema la ndani likunjwe kwanza chini ya kifuniko kama linaruhusu, kifuniko kiwe cha mwisho, na viwili hivyo visiwekwe pamoja. Futeni matope kwenye nailoni, hesabuni vigingi, bebeni takataka zote, zikiwemo za waliotangulia kama nafasi ipo.

Ukifika nyumbani, lianike hema siku iyo hiyo, kivulini penye upepo, limegeuzwa nje ndani, mpaka mishono ikauke kwa kuigusa. Jua kali hula kitambaa, na hema lililohifadhiwa bichi huota kuvu. Baada ya muda ule utando wa kuzuia maji hunata na kubanduka kwa magamba. Kuvu ukionekana mapema, sugua kwa sifongo laini na sabuni isiyo kali katika maji baridi, suuza, anika tena. Usitumie sabuni ya unga wala dawa ya kung'arisha nguo. Utando ukishaanza kubanduka, hema hilo litumie Desemba na Januari tu.